Gari Iliyovikwa Shiraa

"Gari yangu mie hainywi maji," alisema Nassor Jaribu, kisha akapiga funda la kahawa ili maneno yapate kukaa vizuri masikioni mwa watu. "Gari za wenzangu kila zikiona kilima zinasimama, zinafunuliwa mdomo, zinanyweshwa kama ng'ombe. Hii yangu ilikuja na maji yake kutoka Unguja, na ni hayo hayo mpaka leo. Sijaongeza hata tone, wallahi."

Wanywaji kahawa wa Pujini waliguna kwa heshima. Wangeguna vile vile kama angesema kwamba gari hiyo inataga mayai na kuyaatamia. Ilikuwa ndiyo gari pekee iliyolala Pujini, na mtu anayetarajia kupakiliwa gunia lake la karafuu bure hambishii mwenye gari.

Ni mdogo wake tu, Nyange, aliyethubutu. "Kaka, na wale madereva wa mjini Chake mbona kila asubuhi wanatia maji?"

"Wale wameuziwa gari zenye kiu," alijibu Nassor.

Mjadala ukafungwa hapo. Nassor alikuwa ameuza kipande cha shamba chenye mikarafuu mizuri ili ainunue gari hiyo, gari kuukuu iliyokwisha kuchoshwa na watu wa Unguja, na mtu aliyeuza mikarafuu yake hataki kusikia kwamba alichokinunua kina mahitaji. Kwa imani yake, maji ya ndani ya gari ni kama damu ya mtu. Umezaliwa nayo, unakufa nayo, na anayetaka kukumiminia nyingine anataka kukuua.

Sasa rejeta, kwa asiyejua, na Pujini nzima ilikuwa haijui, ni ule uso wa gari wenye vitundu kama sega la nyuki. Injini ndani yake mna moto. Maji yanapita katika kuta zake yakilichukua lile joto, yanakuja mbele, yanateremka ndani ya vijirija vyembamba vya rejeta, na hapo upepo wa njiani, pamoja na ule unaovutwa na feni, unayapuliza yanapoa. Yakishapoa yanarudi kazini. Hakuna uchawi. Ni maji na upepo. Punguza maji, gari itachemka. Ziba upepo, gari itachemka. Fanya yote mawili kwa pamoja, tena siku ya harusi ya binti yako, basi wewe ni Nassor Jaribu.

Utauliza, mbona ilikuwa haijachemka? Kwa sababu ilikuwa haijatumwa mbali. Ilikwenda Chake ikarudi, ikapumzika. Na kila usiku ilidondosha matone machache mchangani, kutoka katika tundu dogo chini ya rejeta. Kuku wa Mwatum, mke wa Nassor, walizoea kwenda kunywa pale alfajiri. Kuku walijua kwamba gari inavuja. Mwenye gari hakujua.

*

Harusi ilikuwa ya Tatu, binti pekee wa nyumba hiyo. Bwana harusi alikuwa Himid, mtoto wa marehemu Shehe Khatib wa Wingwi, na hapa ndipo penye ugumu. Akina Khatib ni wenyeji wa siku nyingi, wanakuhesabia mababu zao mpaka unasinzia. Akina Jaribu asili yao ni bara, na mababu zao hawakuja Pemba kwa kupenda. Himid alimwona Tatu msimu wa kuchuma karafuu, akarudi kwao akagoma kula. Mama yake, Bi Siti, akaridhia posa kama mtu anavyoridhia kung'olewa jino.

Nikaha ilishafungwa. Kilichobaki ni kumpeleka biarusi Wingwi. Ndipo Bi Siti akamtuma wifi yake, Bi Duni, alete masharti.

Bi Duni alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama anayeogopa kuchafuka. "Bi Siti anawasalimu sana," alisema. "Anasema biarusi wa nyumba ile haingii kwa miguu na ushungi kama muuza dagaa. Wote waliotangulia waliingia ndani ya shiraa. Na huyu ni vivyo hivyo. Akifika bila shiraa mlango utafungwa, na talaka mtaletewa papa hapa mlipo."

"Himid kasema hivyo?" aliuliza Mwatum.

"Himid hasemi. Anasema mama yake."

Shiraa ni kitu cha wakati wa bibi zetu. Ni nguo kubwa inayozungushwa pande zote juu ya miti minne, na mwanamke wa heshima akatembea katikati yake asionekane hata ukucha. Wingwi kwenyewe ilikuwa haijaonekana kwa miaka. Na ile miti, usidhani ilijishika. Ilishikwa na watumwa. Marehemu Jaribu, baba yake Nassor, alikuwa mmoja wao, na nyumba aliyoishikia ilikuwa hiyo hiyo ya akina Khatib. Bi Siti alilijua hilo. Nassor alilijua. Bi Duni naye alilijua, ndiyo maana alikuwa akitazama dari.

Nassor aliinuka, akakaza kikoi chake. "Mwambie Bi Siti shiraa ataiona," alisema. "Lakini katika nyumba yangu mie hapana mtu atakayeshika mti. Baba alishika, yatosha. Shiraa itavaa gari."

"Gari?"

"Gari. Pande zote nne, kutoka paa mpaka magurudumu. Biarusi ndani, nguo nje. Wachukuzi wetu siye ni matairi."

Bi Duni alifungua mdomo, akaagiza maji ya kunywa. Nyuma ya pazia Tatu alikuwa amekaa na mikono yake yenye hina mbichi, amesikia yote.

"Shangazi," alimwambia Bi Kijakazi, shangazi wa Nassor, ambaye ndiye aliyekuwa somo wake wa kumfunda, "mlango ukifungwa, tutarudi hapa Pujini na uso upi? Baba atakaa baraza gani?"

"Haufungwi," alisema Bi Kijakazi. "Usikunje vidole, utaharibu hina."

*

Siku ya safari gari ilivikwa kuanzia asubuhi. Mwatum na majirani walikuwa wameshona nguo moja kubwa kwa shuka na leso, na Nyange alifunga miti minne juu ya paa ili nguo iteremke vizuri. Nyuma wakashusha, ubavuni wakashusha. Penye kioo cha dereva wakakata tundu, Nassor apate kuona njia. Walipofika mbele, Mwatum akasita.

"Hapa pa pua tupaache, Baba Tatu. Hapana mtu ndani hapa."

Kumbuka kwamba Mwatum alisema hivyo kwa sababu nguo ilikuwa karibu kuwa fupi. Hakujua zaidi ya hapo. Lakini hata kwa bahati nasibu alikuwa amepatia kuliko wanaume wote waliokuwa wamezunguka pale na mikono yao kiunoni.

Bi Duni, aliyebakishwa ili ahakikishe kila kitu, akacheka puani. "Shiraa iliyo wazi mbele ni chandarua. Mnataka kumpeleka biarusi ndani ya chandarua?"

"Ziba," aliamuru Nassor.

Wakaziba. Jirani yao mmoja aitwaye Mgeni, mtu mwenye bidii kila panapokuwa na jambo lisilomhusu, akaona upepo utaipeperusha nguo ya mbele, akaikaza kwa kamba ya usumba, mara mbili, kifuani kwa rejeta. Kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake. "Mashaallah," alisema. "Sasa hata nzi haingii."

Alisema kweli. Hata pumzi haikuingia.

Wapiga vigelegele walikuwa wameshatangulia kwa miguu tangu alfajiri. Ndani ya gari wakaingia Tatu, Bi Kijakazi, Mwatum na Bi Duni. Juu pakapandishwa kitanda, magodoro, sanduku la nguo, masufuria ya shaba na vyungu. Nyange na Mgeni wakaning'inia ubavuni. Nassor akavaa koti jeusi juu ya kanzu, akajipenyeza nyuma ya usukani, akachungulia kwenye tundu lake kama mtu anayechungulia msala wa jirani, na msafara ukaondoka.

*

Chake walipita kwa fahari. Watu walitoka madukani kuitazama nyumba ya nguo inayonguruma. Gombani watoto waliikimbilia wakipiga makofi. Nassor aliitikia kwa honi. Baada ya hapo barabara ya kaskazini ikaanza vilima vyake, kimoja baada ya kingine, na honi ikapungua.

"Nassor," alisema Bi Kijakazi kutoka nyuma, "kuna kitu kinachemka."

"Hilo ni pilau la Wingwi, shangazi. Tumekaribia."

Bi Duni alikuwa akijipepea. Joto lilikuwa likija miguuni kutoka kwenye sakafu, na Tatu, aliyefunikwa nguo tatu kichwani, alikuwa ameegemea bega la mama yake. Injini ikaanza kugonga. Tok, tok, tok, kama mtu aliyesahauliwa ndani akiomba kufunguliwa. Nassor akaikanyaga zaidi. Wengi wetu tukiambiwa na kitu kwamba kimechoka, tunakipiga.

Walishaiacha barabara kubwa wameshika ile ya udongo iendayo Wingwi, na wako katikati ya kilima, gari ilipokataa. Ilitetemeka, ikakohoa, ikazimika. Nguo ya mbele ilikuwa imelowa chapa, na mvuke ukaanza kupenya kwenye nyuzi zake.

"Moto!" alipiga kelele Bi Duni. "Tunaungua! Ya Rabi, tumetiwa kwenye tanuri!"

"Hakuna moto," alisema Nassor akiruka chini. "Imekasirika tu."

Akaikata kamba ya Mgeni, akaifunua nguo, akainua boneti. Rejeta ilikuwa inanguruma kwa ndani. Na badala ya kuiacha, Nassor Jaribu, ambaye tangu ainunue gari hiyo hakuwahi kukigusa kifuniko cha rejeta hata kwa kukipangusa vumbi, aliona wakati wa kukifungua ndio huo. Akakunja kilemba chake, akakishika kifuniko kwacho, akazungusha.

Maji yaliyofungiwa yakazidi moto hayatoki kwa adabu. Yaliruka kwa mlio mmoja kama wa paka aliyekanyagwa, yakamkuta Nassor mkono wa kulia kutoka kiganjani mpaka begani, na mengine shingoni. Alianguka kitako barabarani. Hakulia. Alisema tu, "Oh," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Mwatum alishuka mbio, akamvua koti, na ngozi kidogo ikatoka nalo. Bi Kijakazi akammiminia marashi yote ya kwenye mrashi, marashi ya harusi, maana hapakuwa na kingine kilichokuwa baridi.

Laiti pale njiani angekuwapo mtu mmoja aliyesoma! Angewaambia ondoeni nguo, kaeni kivulini, kiacheni chuma kipoe chenyewe, ndipo mtie maji, tena kidogo kidogo huku injini ikizunguka. Ni maneno ya kujifunza asubuhi moja. Lakini hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Palikuwa na Pujini tupu.

Kwa hiyo Nyange na Mgeni walichukua sufuria la shaba la biarusi, wakateremka bondeni kwenye kijito, wakarudi wanahema na maji baridi kama mtungi wa msikitini. Nassor aliinuka, akalipokea sufuria kwa mkono wa kushoto.

"Baba Tatu," alisema Mwatum, "chungu kikiwa kikavu na kiko motoni hakitiwi maji baridi. Kitapasuka."

"Hiki si chungu, Mwatum. Hii ni injini ya Kizungu."

Akamimina yote kwa pupa. Rejeta ikagugumia, ikameza, na kwa muda mfupi sana ikaonekana kwamba Nassor amepatia. Kisha ndani ya injini kitu kikalia *ta!*, safi, kama sahani iliyoangukia sakafu ya saruji. Chini ya gari maji yakaanza kutiririka, yamechanganyika na mafuta, rangi ya chai ya maziwa.

Wote wakayatazama yakitafuta njia yake kwenye vumbi.

"Leo imekunywa," alisema Mgeni.

Nyange alimpiga kofi la kisogo. Ndilo jambo la maana pekee lililofanywa na mwanamume yeyote siku ile.

*

"Basi turudini," alisema Bi Duni. "Mtakodi punda, mtafika kwenu usiku. Mie nitatangulia Wingwi nikamweleze Bi Siti. Nitasema gari imekufa. Sitasema zaidi."

Kusema kwake "sitasema zaidi" kulikuwa na mengi, na lililokuwa mbele ya yote ni ule mlango. Jua lilikuwa limeshaegemea. Mtu wa miguu angeweza kufika Wingwi kabla ya alasiri, lakini kwa ushungi, kama muuza dagaa.

Pazia la gari likasogea. "Mama," alisema Tatu, "nishusheni."

"Ushuke wende wapi?"

"Kwa mume wangu. Shiraa si hii hapa? Haikuungua. Iliyopasuka ni gari."

Bi Kijakazi ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama ile miti minne juu ya paa, akaanza kuvuta mafundo. Nyange akapanda, akaifungua yote na nguo yake, akaiteremsha. Wakaizungusha palepale barabarani. Nguo ilikuwa na doa la mvuke na harufu ya mafuta, lakini ilisimama. Nyange akashika mti mmoja. Mgeni akashika wa pili. Miti miwili ikabaki imelala chini.

Nassor aliitazama miti ile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kufura malengelenge. Mtu mwingine angesema unauma, akasamehewa. Lakini si mkono uliomzuia, na kila mtu pale alijua.

"Mwatum," alisema polepole, "nilisema katika nyumba yangu..."

"Nilisikia ulichosema. Shika mti."

"Baba yangu alikuwa..."

"Baba yako alimshikia mtoto wa watu. Weye unamshikia wako. Shika, Baba Tatu, jua linakwenda."

Akashika, kwa mkono wa kushoto. Mti wa nne haukuwa na mtu. Bi Duni aligeukia upande wa pili, akawa anaangalia mihogo. Bi Kijakazi alikuwa ndani amemshika biarusi, asije akajikwaa. Basi Mwatum akafunga buibui lake kiunoni, akapandisha mikono mpaka kwenye viwiko, akauinua mti mwenyewe, kwa sababu barabara nzima ile haikuwa na mwanamume mwingine. Wakauanza mwendo. Gari ikaachwa mlimani mdomo wazi, godoro la biarusi juu yake.

*

Bi Siti alikuwa mlangoni amevaa dhahabu zake zote, pamoja na zile za kuazima. Wapiga vigelegele walipoiona shiraa inakuja kwa miguu, ikiyumba, na mti mmoja uko chini kuliko mingine kwa sababu aliyeushika alikuwa mwanamke, hawakujua kama ni vigelegele au ni kilio. Wakapiga vigelegele.

Bi Siti alipitisha macho yake juu ya wachukuzi. Nassor alikuwa bila kilemba, kanzu imelowa, mkono mmoja mwekundu unang'aa. Bi Siti alimjua. Siku ya posa walikaa chumba kimoja, wakapakua halua katika sahani moja.

"Mashaallah, shiraa imefika," alisema. "Mpokeeni biarusi. Hawa wachukuzi wapelekeni uani wakapewe ukoko."

Ingekuwa mtu mwingine angesema mie ndiye baba wa biarusi. Lakini kusema hivyo, mti ukiwa mkononi, ni kusema na mengine yote. Nassor alitazama chini. Mwatum alivuta ushungi wake mpaka puani.

Ndipo biarusi aliposema. Na biarusi, kwa kawaida yetu, hasemi. Hata akikanyagwa hasemi.

"Mama," ilisikika sauti ya Tatu ndani ya nguo, "huyo aliyeungua ni baba yangu. Na huyo wa nyuma ni mama. Waleteeni viti."

"Biarusi anasema!" mtu alinong'ona.

Bi Siti alitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Viti vimekwisha, mwanangu. Wageni ni wengi, Mungu kawabariki."

"Basi nami nitasimama hapa mpaka mmoja ainuke."

Himid, shujaa aliyegoma kula, alikuwa nyuma ya mama yake akiangalia makubadhi yake mapya kana kwamba yanataka kumnong'oneza jambo. Wageni walitazamana. Hakuinuka mtu. Shiraa ilisimama mlangoni, na ndani yake Tatu alisimama, na kadiri alivyosimama ndivyo majirani wa Wingwi walivyozidi kukusanyika mbele ya nyumba kuja kuona biarusi gani huyu asiyeingia. Bi Siti akaona aibu inaanza kuhama upande. Akapeleka neno jikoni.

Wakatoa mbuzi wa kukunia nazi, bado ana machicha, wakamwekea Nassor. Mwatum wakampindulia kinu. Nassor Jaribu, mwenye gari pekee iliyolala Pujini, akakaa juu ya mbuzi mbele ya halaiki, ulimi wa chuma ukimtokeza katikati ya magoti. Alipoletewa sinia hakula. Mkono wa kulia haukumudu, na wa kushoto haukufaa.

Tatu akaingia. Mlango haukufungwa.

*

Kisa hiki nimekisimulia Chake, nimekisimulia Wete, na kila ninapokisimulia watu wanashika mbavu. Jana nilikuwa nakisimulia barazani Gombani, na nilikuwa nimefika pale pa mti wa nne.

"Hebu fikirini," niliwaambia, "mwanamke mzima, mama wa biarusi, buibui kiunoni kama kuli wa bandarini! Kwa nini? Kwa sababu barabara nzima haikuwa na mwanamume!"

Wakacheka. Bi Kijakazi alikuwa anapita na ungo wake wa mikate ya kumimina. Akasimama. Sikumwona mpaka aliposema.

"Mwanamume alikuwapo."

"Nani, Bi Kijakazi?" aliuliza mmoja wao.

Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu. Alikuwa kakaa juu ya ukingo wa barabara na baiskeli yake, tangu mvuke wa kwanza. Mie nilikuwa ndani ya nguo, hamnioni, lakini nawaona. Nilimwona akiziba mdomo kwa mkono Nassor alipokishika kile kifuniko. Kusoma kasoma, alijua kitakachotoka. Na ulipobaki mti mmoja nilifunua shiraa, nikamwita kwa jina lake na la baba yake. Akainama, akajitia anafunga mnyororo."

"Mnyororo ulikuwa umetoka kweli, Bi Kijakazi," nilisema.

"Ulitoka? Weye ulitupita palepale njiani umeipanda baiskeli, unatupigia kengele tukupishe. Mwatum akakupisha, na mti wake." Aliuweka sawa ungo kichwani. "Na Wingwi nilikuona tena. Yule baba wa watu wamemkalisha juu ya mbuzi, kwa kuwa viti vimekwisha. Weye ulikuwa umekalia kiti."